Punje Nyeusi na Ungo wa Shangazi

Kazi yangu ya kwanza katika akiolojia ilikuwa kukoroga tope. Nilikuwa nimejipanga kupewa mwiko na brashi, nipige magoti shimoni nifichue vigae vya Kichina kimoja kimoja, kama nilivyoona kwenye picha. Nikapewa ndoo mbili, kipande cha kitambaa chenye matundu madogo kuliko punje ya chumvi, na lundo la mifuko ya udongo iliyoandikwa namba kwa kalamu ya wino mzito. "Usipoteze lebo," nikaambiwa, "na usikoroge kama unasonga ugali."

Nilikuwa likizo, nimemaliza mwaka wa pili chuoni. Uchimbaji ulikuwa kaskazini ya Pemba, mwendo wa nusu saa kwa baiskeli kutoka nyumbani kwa shangazi yangu, na nadhani hiyo ndiyo sababu hasa ya kuchukuliwa: sikuhitaji kulipiwa malazi.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Udongo wa mfuko mmoja unamiminwa kwenye ndoo iliyojaa maji nusu, unavurugwa taratibu kwa mkono mpaka mabonge yaachie, kisha unaacha kidogo. Mchanga na mawe huzama. Mkaa, mbegu zilizoungua na vijipande vya makapi hupanda juu, vikaelea kama majani ya chai. Hapo unainamisha ndoo na kumwaga yale maji ya juu kwenye kitambaa, polepole, bila kuruhusu tope lifuate. Unarudia mara tatu au nne, mpaka maji yasipande na kitu. Kitambaa kinafungwa kama kifurushi cha bizari, lebo ndani na lebo nje, kinatundikwa kamba. Linalobaki chini ya ndoo nalo halitupwi. Linaoshwa kwenye chekecheke, na humo ndimo mnamotoka miba ya samaki, shanga na vigae vidogo.

Siku ya tatu nilifanya kosa langu la kwanza. Mvua ilikuwa imenyesha usiku, vifurushi vilikuwa vimerundikana, nami nikaona niharakishe mambo: nikavihamisha kutoka kwenye kivuli nikavianika juani kama mtu anayeanika karafuu. Jioni nilipofungua kimoja, nikakuta unga mweusi. Mkaa uliolowa ukikaushwa kwa pupa hupasuka. Mbegu iliyokaa ardhini miaka elfu, ikapita mvua za masika na mizizi ya minazi, ilimalizwa na jua la saa nane la Pemba kwa sababu mimi nilitaka kuwahi baiskeli.

Sikugombezwa sana. Mtaalamu wa mimea wa kikosi chetu, mama mmoja mtulivu aliyekuwa na tabia ya kuvuta miwani hadi ncha ya pua kabla hajasema neno zito, aliniambia tu: "Kivulini." Nikaona haya zaidi kuliko ningegombezwa.

Kosa la pili lilikuwa la kuchekesha, ingawa siku ile sikucheka. Nilikwishapandishwa cheo kidogo, nakaa mezani na kuchambua vilivyokauka kwa kibanio na kioo cha kukuzia, mkaa huku, mbegu kule. Katika mfuko mmoja uliotoka kwenye tabaka la vigae vya karne ya 8 au ya 9 nikaona punje kubwa, nyeusi upande mmoja, ya umbo ambalo hata mtoto wa chekechea analijua. Hindi! Nilinyanyuka nikakimbia nayo kiganjani. Njiani nilikwishajiona jina langu liko kwenye magazeti.

Mama yule akavuta miwani. Akaitazama punje, kisha akanitazama mimi, hasa mdomo. "Jana mlikula nini pale kwenye ndoo?"

Mahindi ya kuchoma. Vijana waliokuwa wakituchotea maji walinunua barabarani, tukala tumesimama, huku ndoo zimekaa wazi miguuni. Akaipasua ile punje kwa ukucha. Ndani ilikuwa nyeupe pee. Mbegu ya kale iliyoungua kweli ni mkaa mpaka moyoni. Akanieleza jambo ambalo nilikuwa nimelisoma darasani na kulisahau kwa furaha: mahindi ni mmea wa Marekani, na hayakuvuka bahari kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492. Pwani yetu yaliletwa na Wareno. Punje ya hindi katika tabaka la karne ya 9 haisemi kwamba wazee wetu walilima mahindi. Inasema kuna mtu hakunawa mikono. Hata hivyo aliiandika daftarini, namba ya mfuko, tarehe, na maneno "hindi, chakula cha mchana", akautia mfuko mzima alama nyekundu. Kuanzia siku ile tulikula mbali, chini ya mwembe.

Nimeikumbuka hindi ile mara nyingi tangu hapo, maana si wala mahindi tu wanaochanganya mambo. Panya anachimba shimo lake na kushusha punje ya leo kwa watu wa jana. Chungu wanabeba, na mizizi ikioza huacha njia. Ndiyo maana siku hizi mtafiti makini haridhiki kusema "mbegu hii imekutwa pamoja na kigae cha karne fulani". Anachukua punje yenyewe, hata ikiwa moja, na kupima kaboni yake ili ajue umri wake. Mfano mzuri uko Kakapel, pango la mwamba lenye michoro katika kaunti ya Busia, magharibi ya Kenya, si mbali na Mlima Elgon. Watu wamepatumia pale, wakija na kuondoka, kwa karibu miaka 9000. Kikosi kilichokuwa na Emmanuel Ndiema wa Makumbusho ya Taifa ya Kenya, Natalie Mueller na Steven Goldstein kilielesha udongo wake kwa maji kama tulivyofanya sisi, na matokeo yakatoka mwaka 2024. Kunde iliyopimwa yenyewe ilionekana kuwa ya miaka 2300 hivi iliyopita. Mtama na wimbi walivipata katika kipindi cha karibu zaidi, kwenye miaka elfu moja iliyopita. Na humo humo wakakuta njegere moja, imeungua lakini nzima, zao ambalo hakuna aliyelitarajia katika kilimo cha kale cha eneo lile. Mimi nilipoisoma habari ya njegere ile, wazo langu la kwanza, Mungu anisamehe, lilikuwa: walikula nini mchana siku hiyo? Lakini njegere yao ilikuwa imeungua kweli.

Kitu kilichonichukua muda mrefu kukielewa ni kwa nini tunatafuta vilivyoungua tu. Nilidhani ni bahati ya mahali petu. Kumbe katika ardhi yenye unyevu kama yetu, mbegu mbichi huota, huoza, au huliwa na wadudu. Mkaa peke yake ndio hauliwi na mdudu yeyote. Na si kila moto unafaa. Moto mkali wenye hewa nyingi unafanya punje kuwa jivu. Inayosalia ni ile iliyoangukia pembeni, ikafunikwa na majivu, ikapata joto bila hewa ya kutosha. Yeyote aliyeona tanuu la mkaa analijua hilo: unafukia kwa udongo ili kuni zisiwake moja kwa moja. Kila punje niliyoichambua ilikuwa imepita katika tanuu lake dogo, kwenye figa la mtu.

Hapo likanijia jambo lililobadilisha namna ninavyoifikiria kazi hii. Hakuna mtu anayechoma chakula chake kwa makusudi. Tunachokiita ushahidi wa kilimo cha kale ni ajali za jikoni: punje zilizomponyoka mtu mkononi, nafaka iliyokaushwa karibu mno na moto, makapi yaliyopeperushwa na upepo wakati mama anapeta. Kilichovunwa kikaliwa vizuri hakikuacha kitu. Tunasoma maisha ya watu kwenye jaa lao.

Na jaa halisomeki kwa vitabu peke yake. Hilo nilifundishwa na shangazi.

Jioni moja nilikuwa naye uani, nikamwonyesha picha kwenye simu: punje tano nyeusi zilizopigwa kupitia hadubini, kila moja imekuzwa ikawa kubwa kama embe. Mchana ule nilikuwa nimeziandika "mtama", kwa alama ya kuuliza. Shangazi alikuwa na ungo magotini, anapeta mchele wa usiku. Akafuta mkono kwenye kanga, akaishika simu kwa mbali kama wafanyavyo watu wa umri wake.

"Mmetoa wapi uwele?"

"Mtama, shangazi."

"Mtama wapi! Mtama mduara, umejaa, una kitovu. Huu umechongoka huku, huku butu. Kama tone. Uwele huu, baba. Umeungua tu."

Kesho yake nilimweleza mtaalamu wetu. Akaziweka tena chini ya hadubini, akanionyesha jinsi kovu la kiini lilivyochukua sehemu kubwa ya uso wa punje, akafuta "mtama" yangu kwa mstari mmoja. Halafu akauliza kama shangazi angekubali kuja. Shangazi hakukubali kuja, ila alikubali wao waje, na alipika.

Nilijifunza mengi zaidi siku ile ya ugeni kuliko mihula miwili ya darasani. Mama mtaalamu alitaka kujua uwele unavyosafishwa, hatua kwa hatua, na kila hatua inaacha taka gani na wapi. Shangazi aliona maswali ya ajabu lakini akajibu. Masuke yanakatwa, mabua yanabaki shamba. Masuke yanaanikwa, yanapurwa kwa fimbo. Hapo linatoka kapi kubwa, na kazi hiyo mtu akipenda anaifanya kondeni. Kisha kinu. Kutwanga kwa kwanza, kupeta, kutwanga tena. Kwa mpunga kuna na kupwaya baadaye ili mchele uwe mweupe. Ungoni kila kitu kina mahali pake: mapepe yanaruka mbele, wishwa linamwagika pembeni, chenga zinakusanyika chini, chuya zinachaguliwa kwa mkono moja moja. Kazi hii ni ya karibu na jiko, maana ukitwanga unatwanga cha kupika.

Mama yule aliandika kurasa sita. Nilimwuliza kwa nini, akanijibu kwa mfano. Ukikuta kwenye majivu ya nyumba punje safi tupu bila makapi, huenda watu wale waliletewa nafaka ikiwa tayari imesafishwa. Ukikuta makapi mengi na mbegu za magugu, basi walitwanga wenyewe, kila siku, hapo hapo. Hivyo kapi dogo lisilo na thamani linaweza kukuambia nani alikuwa mkulima na nani alinunua. Nikamtazama shangazi akipeta. Mikono yake ilikuwa inatenganisha makundi manne ya taka bila yeye kuangalia chini, huku anasimulia habari za kuamia ndege alipokuwa mdogo. Uwele ni mali ya ndege, alisema. Ukiupanda, mmoja wenu hatakwenda madrasa mpaka mavuno. Yeye ndiye alikuwa huyo mmoja. Alikaa juu ya dungu na kombeo, na kopo la kugonga, tangu alfajiri.

Makapi hayasemi jikoni tu. Mashariki ya Sudan, karibu na Kassala, wafinyanzi wa kale walikuwa wakichanganya taka za mtama kwenye udongo wa vyungu ili visipasuke motoni. Chungu kilipochomwa, makapi yaliteketea yakaacha nafasi zake ndani ya ukuta wa chungu, kama kigae kimepigwa mhuri. Vigae hivyo vilichimbwa miaka mingi iliyopita. Frank Winchell na wenzake, akiwemo Dorian Fuller, walivirudia wakavichunguza, na mwaka 2017 wakatangaza kwamba humo mna alama za mtama uliokwishafugwa na binadamu, wa kati ya mwaka 3500 na 3000 KK, umechanganyika na mtama pori. Kwa uwele, alama za namna hiyo hiyo kwenye vyungu zimepatikana katika bonde la Tilemsi nchini Mali, za mnamo mwaka 2500 KK. Nafaka zote mbili, basi, ni za Afrika. Ninasema hivi kwa mkazo kwa sababu bado nakutana na watu, wengine walimu, wanaodhani kila kilimo kililetwa na meli.

Lakini mtu atajuaje, kwa kuangalia tundu la kapi kwenye kigae, kwamba mtama ule ulikuwa wa kupandwa? Niliuliza hivyo nikiwa na shangazi, na yeye ndiye aliyenipa mwanga, bila kujua. Alikuwa akilalamika kuhusu jirani aliyechelewa kuvuna mpunga wake bondeni: "Umempukutikia wote, kaokota mabua." Ndiyo hapo. Nafaka ya pori hutaka kupukutika. Punje ikikomaa inajiachia yenyewe, kwani ndiyo njia yake ya kujipanda, na pale ilipokuwa imeshikilia pana kovu laini. Watu walipoanza kuvuna masuke na kurudisha sehemu ya mavuno shambani, walikuwa wanabeba nyumbani zile punje zilizoshikilia, na kuziacha zilizoanguka. Mwaka baada ya mwaka, bila mtu kukaa kitako na kuamua, zilizoshikilia zikawa nyingi. Za namna hii haziachii mpaka zipigwe, na zikipigwa zinanyofoka na kuacha kovu la kuchanika. Fimbo ya kupuria ya shangazi na kovu lile ni habari moja.

Kitu kimoja kilichonikera niliporudi chuoni na kuanza kusoma ni jinsi jiko lilivyochelewa kuingia katika historia ya Waswahili. James Kirkman alianza kuchimba Gede mwaka 1948, Neville Chittick akachimba Kilwa miaka ya 1960, na sote tunawadai shukrani. Lakini walifuata kuta, misikiti, makaburi na sahani za kutoka ng'ambo. Udongo wa jikoni ulitupwa. Siwalaumu sana: njia ya kuelesha mbegu majini ilianza kuenea baada ya mwaka 1968, Stuart Struever alipoieleza kutokana na kazi yake huko Illinois. Hata hivyo, fikiria ni mapipa mangapi ya uwele yaliyomwagwa nyuma ya kuta zile, huku watu wanagombana kama mji ulijengwa na Mwarabu au Mshirazi.

Pemba yenyewe ina kisa kizuri kuliko vyote nivijuavyo. Tumbe ilikuwa kijiji kikubwa kati ya karne ya 7 na ya 10. Jirani yake, Chwaka, ulisimama mji kuanzia karne ya 11 hadi ya 16, wenye misikiti ya mawe. Ni mwendo mfupi tu kutoka mmoja hadi mwingine. Sarah Walshaw alichunguza mabaki ya mimea ya sehemu zote mbili. Tumbe ilikuwa ni uwele. Chwaka mpunga unaingia, unapanda, mpaka unashika nafasi ya kwanza. Kisiwa ni kile kile na mvua ni zile zile, chakula kikageuka.

Ukimwuliza mtu haraka atakwambia: mpunga uliletwa na wageni, wenyeji wakaupenda. Walshaw hakuishia hapo, nami nadhani yuko sahihi. Mpunga unasumbua. Unataka bonde, maji, na kazi nyingi zaidi ya uwele unaoridhika na mchanga na mvua haba. Watu hawahami kutoka chakula rahisi kwenda chakula kigumu kwa sababu ya njaa. Wanahama kwa sababu ya heshima: kukirimu, misikiti, karamu, kuonekana watu wa mji. Miaka hiyo hiyo Chwaka ikiwa hai, mwaka 1331, msafiri wa Moroko, Ibn Battuta, alipita pwani hii. Mogadishu alikaribishwa wali uliopikwa kwa samli, pamoja na kitoweo cha kuku, nyama, samaki na mboga, na ndizi zilizopikwa kwa maziwa. Mombasa akaandika kwamba wenyeji hawalimi nafaka, huletewa kutoka Sawahili, yaani pwani ya bara, na chakula chao kikubwa ni ndizi na samaki. Mgeni wa sultani alipewa wali. Nilipomsomea shangazi, alishangaa kwamba nilishangaa. "Sasa mgeni angepewa uwele?" Nyumbani kwao, alisema, wali ulikuwa wa Idi, wa harusi, na wa mgeni wa kufika kwa gari.

Ukivuka kwenda Komoro, hesabu inabadilika. Alison Crowther, Nicole Boivin na wenzao walikusanya mabaki ya mimea kutoka maeneo 18 ya Afrika Mashariki, Komoro na Madagaska, wakayatoa mwaka 2016. Bara na visiwa vyetu vya karibu, katika tabaka za karne ya 8 hadi ya 10, vilitoa mazao ya Kiafrika: mtama, uwele, kunde, na ubuyu pia. Komoro na Madagaska vilitoa mpunga, choroko na pamba ya Asia. Kwa Madagaska halikuwa ajabu kubwa, kwani Kimalagasi ni ndugu wa lugha za Borneo, ng'ambo ya bahari nzima. Bali Wangazija wanasema lugha ndugu ya Kiswahili. Lugha zao na zetu ni za tumbo moja, na majiko yao ya kale yalipika kama ya watu wa visiwa vya Asia. Tangu nisome habari hiyo, nimekuwa mzito kumwamini mtu anayeniambia anajua asili ya watu kwa kusikiliza wanavyosema tu.

Sasa, yako mambo ambayo maji ya ndoo hayawezi kuyaelesha hata ukikoroga mpaka usiku. Ndizi tunazokula hazina mbegu. Kiazi kikuu, jimbi, vyote hivyo ni nyama laini, vikiungua ni bonge lisilo na sura. Al-Masudi, msafiri Mwarabu aliyefika pwani hii mwanzoni mwa karne ya 10, aliwataja Zanj, yaani watu wa pwani hii, kuwa ni walaji wa ndizi, na nazi nazo amezitaja. Lakini punje tunazohesabu ni za nafaka. Kwa ndizi inabidi kutafuta vijiwe vidogo mno vinavyojengeka ndani ya majani yake, visivyooza, vyenye umbo kama mlima uliotoboka kileleni. Vya namna hiyo vimeripotiwa Nkang, Kameruni, na Munsa, Uganda. Tarehe za Munsa ni za zamani kiasi kwamba zimezua ubishi usiokwisha, na mimi ni miongoni mwa wenye mashaka. Ugomvi huo nauheshimu. Hindi langu la kuchoma limenifanya niwe mtu wa kuuliza mara mbili.

Suala hili la visivyoonekana lilinisumbua mpaka nikafanya jaribio, msimu ule ulipokuwa unakaribia kwisha. Nilimwomba shangazi asitupe majivu ya jiko la kuni kwa wiki moja, ayaweke kwenye debe. Mimi kazi yangu ilikuwa kuandika kila kilichopikwa. Alikubali kwa sharti nimpasulie kuni.

Daftari la wiki ile ninalo mpaka leo. Wali mara nne. Muhogo wa nazi mara tatu, mmoja kwa papa mkavu. Ndizi mbichi mara mbili. Kunde mara mbili. Kisamvu, mchicha, bamia. Changu wa kuchoma, dagaa. Mkate wa kusukuma siku ya Ijumaa asubuhi. Uji wa mtama mara moja, alioununua unga wake dukani kwa sababu yangu mimi, akisema nimekonda kwa kukoroga tope.

Jumamosi nikalimimina lile debe kwenye ndoo, uani kwake, nikakoroga kama nilivyofundishwa. Nikakausha kivulini. Nikachambua juu ya sinia kwa kutumia kioo cha kukuzia nilichokiazima.

Mkaa wa kuni ulijaza vikombe viwili. Vifuu vya nazi vilivyoungua vilijaa kiganja, vizuri kabisa, vinang'aa. Punje za mchele zilikuwa sita, nne kati yake chenga. Nusu ya kunde. Makapi mawili, labda ya chuya alizozitupa motoni. Mbegu tatu za majani ambayo sikuyatambua. Miba ya samaki. Uji wa mtama haukuacha chembe, maana unga haujui kuanguka kama punje. Muhogo wa siku tatu haukuwapo. Ndizi hazikuwapo. Kisamvu, mchicha, bamia, kama havikupikwa.

Nikampangia shangazi juu ya sinia, kila kundi peke yake. Alikuja na kanga begani, akainama, akavitazama muda mrefu. Akakigusa kipande cha kifuu.

"Kwa hiyo mtu akija baada ya miaka elfu, atasema mimi nilikuwa nakula vifuu."

"Atasema ulikuwa unapikia vifuu, shangazi. Na nazi ulikuwa nayo. Na kunde."

"Nusu kunde."

"Nusu."

"Na muhogo je? Muhogo tumekula siku tatu hapa, wewe ulirudia sahani."

"Muhogo hautaonekana."

Alinitazama kama anayetazama mtoto aliyetumwa dukani akarudi mikono mitupu. Kisha akaichukua ndoo yake, akaimwaga ile tope iliyobaki chini ya mgomba, akaisuuza mara mbili. "Basi uandike wewe," akasema, akaenda zake kisimani.